Mamlaka au Dhamana? Historia ya Neno "Mandate"

Walimu wenzetu wanaofasiri habari za historia hukutana mara kwa mara na neno la Kiingereza "mandate". Wengi huandika "mamlaka" kisha huendelea mbele. Twaona kwamba tafsiri hiyo haitoshi, na historia ya nchi zetu yaonyesha sababu.

Asili ya neno ni Kilatini. Katika sheria ya Warumi lilikuwa jina la mapatano ambayo mtu alikubali kumtendea mwenzake shughuli bila ujira. Mali haikuwa yake, na mwisho wa kazi alipaswa kutoa hesabu.

Mwaka 1919, Ujerumani iliponyang'anywa makoloni yake, mkataba wa Shirikisho la Mataifa ulilichukua neno hilo. Tanganyika ilikabidhiwa Uingereza, na Ruanda-Urundi ikakabidhiwa Ubelgiji; Shirikisho likathibitisha hayo mwaka 1922. Nchi hizo hazikuwa milki ya waliokabidhiwa. Kila mwaka walipaswa kupeleka taarifa Geneva.

Je, sharti hilo lilikuwa na nguvu? Kwa kiasi, ndiyo. Gisaka, sehemu ya mashariki ya Rwanda, ilikuwa imetengwa upande wa Waingereza waliotazamia kupitisha reli. Malalamiko yalifika Geneva, na kufikia mwaka 1924 ilikuwa imerudishwa Rwanda. Lakini mwaka 1925 sheria ya Ubelgiji iliiunganisha Ruanda-Urundi na utawala wa Kongo, koloni lake. Aliyekabidhiwa alianza kutenda kama mwenye mali.

Mwaka 1946 mpango huo ulirithiwa na Umoja wa Mataifa, na Kiswahili kikauita "udhamini". Mwaka 1955 Julius Nyerere alikwenda New York kulieleza Baraza la Udhamini madai ya TANU. Mtu humwendea mdhamini kudai hesabu. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, Rwanda na Burundi mwaka 1962.

Sasa tutazame maneno yetu. "Mamlaka" ni ndugu wa "miliki" na "malkia": lanukia enzi na umilikaji. "Dhamana" ni ndugu wa "mdhamini", mtu anayewajibika kwa cha mwenziwe. Hivyo basi, kiongozi aliyepigiwa kura akisema kwa Kiingereza kwamba ana "mandate" ya wananchi, tuwafundishe wanafunzi wetu kufasiri "dhamana". Mwenye mamlaka huweza kusahau kuulizwa. Mwenye dhamana hukumbushwa na jina lenyewe kwamba alichoshika ni cha watu.