Samaki wa Nyeri na bakteria wa baridi

Mpwani akisikia Nyeri huwaza majani chai, si samaki. Ilhali trauti waliletwa mto Gura mwaka 1905, na kituo cha serikali cha ufugaji samaki kiko Sagana tangu 1948. Aliyebanwa na ardhi huko hufikiria tangi linalozungusha maji yaleyale. Mimi humuuliza kwanza: bakteria wako wana umri gani?

Samaki hutoa amonia kwa matamvua, nayo ni sumu. Katika pipa la kichujio, juu ya kokoto au vipande vya plastiki, kundi moja la bakteria huigeuza nitriti, sumu vilevile. Kundi la pili huifanya nitrati, ambayo samaki huivumilia. Kazi hiyo hula oksijeni nyingi. Stima ikipotea, si samaki peke yao wanaokabwa.

Maji ya nyuzi 25 hivi, bakteria hukomaa kwa wiki 4 hadi 6. Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Maji yakishuka nyuzi 15, subira huwa ndefu zaidi. Trauti aipenda baridi hiyo, bakteria hawaipendi, basi kichujio chake kiwe kikubwa. Klorini ya maji ya bomba huwaua.

Vifaranga wangoje hadi vipimo vya amonia na nitriti vikaribie sifuri. Nitriti ikipanda, damu ya samaki hugeuka kahawia, naye hutweta hata penye hewa tele. Chumvi kidogo majini humsaidia, na hiyo, alhamdulillahi, Magarini tunayo ya kuwauzia.