Rubani Aliyeshuhudiwa na Adui

Ndugu wasomaji, katika kumbukumbu za namna hii kila mmoja wetu huwakumbuka watu wake. Mimi naleta habari ya mtu wa mbali, kwa sababu ina fundisho kwetu tulioacha marehemu wasio na makaburi.

Lloyd Trigg alizaliwa New Zealand mwaka 1914. Kabla ya kuwa askari alikuwa akiuza mashine za kilimo, naye alikuwa na mke na watoto. Mwaka 1941, Vita Kuu ya Pili ikiendelea, alijiunga na jeshi la anga, baadaye akapelekwa Afrika ya Magharibi. Kikosi chake kilikuwa na kituo Yundum, nchini Gambia. Kazi yao ilikuwa kufanya doria juu ya Bahari ya Atlantiki, kwani nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizamisha meli zilizopita huko.

Tarehe 11 Agosti 1943 Trigg na wenzake saba waliiona nyambizi U-468 ikielea juu ya maji, kusini-magharibi ya Dakar. Ilikuwa safari yake ya kwanza ya kivita kwa ndege ya aina ya Liberator. Walipoikaribia, mizinga ya nyambizi iliipiga ndege ikashika moto. Angeweza kugeuka na kujaribu kutua baharini. Hakugeuka. Alishuka chini kabisa, akapita juu ya nyambizi na kuangusha mabomu, kisha ndege ikatumbukia baharini. Wote wanane walikufa. Nyambizi nayo ikazama muda mfupi baadaye.

Nani basi angesimulia? Upande wa Trigg hakubaki hata mmoja. Wajerumani saba ndio waliopona, akiwemo kapteni wao Klemens Schamong. Walijiokoa kwa mtumbwi wa mpira uliotoka katika ndege ileile waliyoiangusha. Siku ya pili ndege nyingine iliwaona, ikadhani ni kundi la Trigg. Meli ya Waingereza ilipowachukua na kuwahoji, walieleza waliyoyaona bila kuficha ushujaa wa aliyewashinda. Kwa ushahidi huo wa adui, mwezi Novemba 1943 Trigg alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Mjane wake ndiye aliyeipokea. Kaburi hana, jina lake limechongwa katika mnara wa kumbukumbu huko Malta.

Ndugu zangu, Schamong alikuwa amepoteza watu 44 siku ile. Alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Lakini kwa kuwa alisema kweli, familia nane za ng'ambo zilijua watu wao walikufaje.

Hapa kambini tunaishi watu tuliotoka pande mbalimbali za vita. Huenda jirani yako unayepanga naye foleni ya maji aliona mwisho wa kaka yako, au wewe uliona mwisho wa mtoto wake. Mwenye kujua na aseme, hata kama marehemu hakuwa wa upande wake. Mama anayengoja habari hatafuti mshindi. Anatafuta shahidi.