UTULIVU SI KIMYA

Juzi baada ya ibada ndugu mmoja alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Pastor, kwangu kando ya barabara ya Namanga malori hayalali. Niombee nipate utulivu." Tuliomba. Lakini nilirudi nyumbani na swali: utulivu ni nini hasa?

Nikaanza na neno la Kiingereza, quiet. Mzizi wake ni neno la Kilatini, quies, yaani pumziko. Lilipitia kwa Wafaransa, likaingia Kiingereza karne ya 14. Mzizi huohuo ulizaa acquit, neno la mahakamani la kumwachilia mshtakiwa, na quit, ambalo zamani lilimaanisha mtu asiyedaiwa. Kwenye hazina ya wafalme wa Uingereza, ofisa aliyekusanya fedha za mfalme aliitwa atoe hesabu. Hesabu ikikubaliwa, aliandikiwa maneno mawili ya Kilatini: quietus est. Maana yake, huyu hadaiwi tena. Hiyo ndiyo ilikuwa risiti yake.

Kiswahili chetu nacho kina siri yake. Tulia limetoka kwa tua. Ndege hutua tawini, mchukuzi hutua mzigo. Huwezi kutulia kama hujatua!

Hata sheria yetu inajua hivyo. Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaka mwenye mali amhakikishie mpangaji anayelipa kodi na kushika masharti kwamba atakaa kwa amani na utulivu. Haimwahidi kwamba malori yatanyamaza. Inamwahidi kwamba hatasumbuliwa katika haki yake. Sisi wa Kajiado, ambako ranchi za vikundi ziligawanywa na ploti zikauzwa, tunajua uchungu wa kulala kwenye nyumba yenye kimya huku hati ina kesi.

Nitoe ushuhuda. Niliwahi kudaiwa salio la ploti hapa Kitengela. Usiku nyumba ilikuwa kimya, watoto wamelala, lakini simu ikiwaka tu moyo unaruka. Siku niliyomaliza na kupewa karatasi yangu, jirani alikuwa na sherehe, muziki mpaka alfajiri. Mimi na mama watoto tulilala fofofo!

Sasa soma Wakolosai 2:14. Ile hati iliyofutwa na kugongomewa msalabani, kwa Kigiriki ni neno lililotumika pia kwa hati ya deni, iliyoandikwa kwa mkono wa mdaiwa mwenyewe. Mpendwa, deni la dhambi lililokushtaki usiku limelipwa. Unayo risiti. Tua mzigo.

Lakini nisikudanganye: msalaba haufuti deni la chama wala la duka. Hilo lilipe. Isaya 32:17 inasema utulivu ni mazao ya haki. Kama unamdai mtu kwa matusi, au hujamlipa fundi wako mshahara wake, wewe ndiye malori yake usiku. Mpigie leo, hata kama ni kumpa nusu na tarehe ya kumaliza.

Baba, yule asiyelala usiku huu, mkumbushe kwamba kwako hadaiwi. Na yule anayedaiwa na jirani, mpe njia ya kulipa. Katika jina la Yesu.

Kama umetua mzigo wako, andika AMINA, kisha umtumie mtu mmoja asiyepata usingizi.