Ugomvi wa guanini: Miaka ambayo mizani ya DNA ilipima majeraha ya maabara

OKTOBA 7, 2025 ilitimia miaka 10 tangu Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar watangazwe washindi wa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kueleza jinsi seli inavyokarabati DNA yake. Watatu hao wanastahili kila sifa. Ila wapo wengine ambao hawatajwi sana, nao ni wapimaji. Hao walitumia miaka mingi wakiuliza maswali mawili: jeraha lililo ndani ya DNA utalihesabu vipi, na utajuaje kwamba hukulitia wewe mwenyewe?

Swali la pili liliwagawa wanakemia kwa zaidi ya muongo mmoja. Simulizi yake naitoa zaidi kwenye ripoti za ESCODD, kamati ya Ulaya iliyoundwa mwaka 1997 kuusuluhisha ugomvi huo.

Chombo chenyewe, spektrometa ya masi, ni cha zamani. J.J. Thomson alikitumia Cambridge kutenganisha aina mbili za neoni, matokeo yakatoka mwaka 1913, na Francis Aston akakiboresha mwaka 1919. Spektrometa ya masi huipa molekuli chaji na kuirusha ndani ya ombwe, kisha huitambua kwa uzito wake. Guanini, moja ya herufi nne za DNA, ina uzito wa 151. Ikidaka atomu moja ya oksijeni inakuwa 8-oksoguanini, yenye uzito wa 167. Tofauti ni 16 tu, lakini guanini iliyojeruhiwa hivyo huweza kushikana na adenini badala ya sitosini, na seli ikigawanyika kosa hilo hurithiwa. Hiroshi Kasai na Susumu Nishimura wa Japani ndio waliolitambua jeraha hili, mwaka 1984.

Mwaka uliofuata, Miral Dizdaroglu, mzaliwa wa Uturuki aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, alichapisha njia ya kuyapima majeraha ya mionzi kwenye DNA kwa kuunganisha kromatografia ya gesi, inayotenganisha molekuli zikiwa mvuke, na spektrometa ya masi. Lilikuwa jambo kubwa. Hapo ndipo mtafiti alipoweza kuzipiga seli kwa mionzi, kuchukua sampuli mara moja, kisha nyingine baada ya saa kadhaa, na kuona kwa hesabu ni jeraha lipi limeondolewa na lipi bado lipo. Njia hiyo ilitambua aina nyingi za majeraha kwa mkupuo mmoja.

Tatizo lilikuwa jikoni. Ili guanini ipite kwenye kromatografia ya gesi, sharti igeuzwe kuwa mvuke. DNA ilichemshwa ndani ya asidi ya fomiki, ikakaushwa, ikaongezewa kemikali ya kuirahisishia kuruka, halafu ikapashwa tena joto linalozidi nyuzi 100. Ndani ya kichupa hicho kuna guanini nzima malaki hata mamilioni kwa kila iliyojeruhiwa. Chache tu kati ya hizo nzima zikidaka oksijeni wakati wa kupashwa joto, zinaifunika idadi ya majeraha yaliyotoka mwilini. Ni sawa na mtu anayetaka kujua kama maziwa yamechacha, akayaanika juani nusu siku ndipo akayaonja.

Mwaka 1995 Jean-Luc Ravanat na wenzake walilisema hilo waziwazi. Walipoiondoa guanini nzima kabla ya kupasha joto, idadi ya majeraha iliporomoka. Dizdaroglu hakukubali njia yake itupwe. Mwaka 1998 alijibu kwa makala akitetea kwamba tatizo linaepukika, kwa mfano kwa kutumia kimeng'enya cha ukarabati cha bakteria ambacho hung'oa herufi zilizojeruhiwa tu na kuziacha nzima. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, na naona hakutendewa haki na waliomkumbuka kwa kosa peke yake. Hata upande wa pili haukuwa safi, kwani fenoli iliyotumika kusafishia DNA nayo ilishukiwa kuongeza majeraha. Mwaka huohuo maabara ya Bruce Ames huko Berkeley, iliyokuwa imetangaza makadirio makubwa kuhusu DNA ya panya, ilichapisha takwimu mpya zilizoshuka takriban mara 10. Kurudi hadharani kusahihisha hesabu yako mwenyewe si jambo dogo, na ndilo ninaloliheshimu zaidi katika kisa hiki.

ESCODD, chini ya uratibu wa Andrew Collins wa Aberdeen, ilifanya jambo rahisi: ilizipelekea maabara nyingi sampuli zilezile na kulinganisha majibu. Makadirio ya awali yalikuwa yakitofautiana hata mara 1,000. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2002, maabara tatu zilizotumia spektrometa ya masi zilishindwa kuonyesha bayana kwamba seli zilizojeruhiwa zaidi zina majeraha zaidi. Mwaka 2003, kwa chembe nyeupe za damu ya binadamu, kromatografia ya kimiminika ilitoa majeraha 4.24 kwa kila guanini milioni moja, na njia ya vimeng'enya ikatoa 0.34. Kwa hesabu yangu, hiyo ni kati ya majeraha takriban 900 na zaidi ya 10,000 kwa seli moja. Pengo lilibaki, lakini lile la mara 1,000 lilikwisha.

Baadaye njia ya John Fenn ya kurusha molekuli moja kwa moja kutoka kwenye kimiminika, iliyompa Nobel mwaka 2002, ilienea maabara nyingi, na kichupa cha moto hakikuhitajika tena.

Afrika Mashariki ina nafasi yake hapa. Mwaka 1983 mtafiti Herman Autrup, akishirikiana na wenzake wakiwemo watafiti wa Kenya waitwao Wakhisi na Wasunna, alitangaza kwamba mkojo wa wakazi wa Murang'a ulionyesha dalili za guanini iliyonasa sumukuvu na kubanduka kutoka kwenye DNA. Walitumia mwanga, wala si spektrometa ya masi, na ulikuwa miongoni mwa ushahidi wa kwanza wa aina hiyo kwa binadamu. Mwaka 2004 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125 nchini Kenya. Vyuo vyetu vinavyofundisha kemia vikisomeshe kisa cha Murang'a pamoja na ugomvi wa guanini, kabla mwanafunzi hajakabidhiwa mashine. Sababu ipo: damu iliyokusanywa Kenya mwaka 2007 ilipopimwa kwa spektrometa ya masi na CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, asilimia 78 ya sampuli zilikuwa na alama ya sumukuvu.