Roboti ya mabomba yaweza kupima hewa ya samaki chini ya maji ya Dunga

MWISHONI mwa mwaka 2022, wafugaji wa samaki katika vizimba vya Ghuba ya Winam waliamka na kukuta ngege wao wakielea juu ya maji, wamekufa. Ufuo wa Ogal, Kaunti ya Kisumu, ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizopata hasara. Wengi walishuku uchafu wa viwandani, lakini wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, walieleza kwamba samaki hao walikosa oksijeni. Wala halikuwa jambo geni. Mnamo 1984 ghuba hiyo hiyo ilishuhudia vifo vingi vya samaki, na watafiti wa taasisi hiyo wakaviandikia taarifa katika miaka iliyofuata.

Maji yaliyopungukiwa na oksijeni hayana rangi wala harufu ambayo mvuvi anaweza kuitegemea. Aghalabu huanzia chini, pale ambapo mabaki ya mwani na gugumaji huoza juu ya tope. Upepo mkali unapoyavuruga maji, yale ya chini hupanda, na samaki waliofungiwa kizimbani hawana pa kukimbilia. Anayetaka kujua mapema hana budi kupima chini, tena mara kwa mara.

Meli ya utafiti haiwezi kufika Dunga kila alfajiri. Chombo kidogo kilichoundwa na wanafunzi wa shule ya upili wakisaidiwa na fundi wa jua kali kinaweza. Makala haya yanaeleza jinsi kinavyoundwa, na kwa nini cha Dunga sharti kitofautiane kidogo na vile vinavyosifiwa ng'ambo.

Roboti ya aina hii ni fremu yenye mota, inayoongozwa na mtu aliye juu kupitia waya mrefu. Waya huo hauepukiki, kwa kuwa mawimbi ya redio hufifia haraka sana ndani ya maji. Kampuni za mafuta na vikosi vya wanamaji vimetumia mashine kubwa za namna hiyo kwa miongo mingi. Afrika Mashariki nayo imeziona: mwaka 2007 watafiti wa Kijapani kutoka jumba la samaki la Aquamarine Fukushima walizitumia katika bahari ya Tanga kumpiga picha silikanti akiwa hai, yule samaki wa kale ambaye wanasayansi waliwahi kudhani ametoweka duniani.

Wazo la kuiunda nyumbani lilienea baada ya Harry Bohm na Vickie Jensen kuchapisha kitabu cha maelekezo mwaka 1997. Mnamo 2003 Chuo Kikuu cha MIT nchini Marekani kilianzisha mpango wa SeaPerch, ambapo watoto wa shule huunda roboti kwa mabomba ya plastiki. Mwaka uliofuata, vijana wanne wa shule ya upili ya Carl Hayden mjini Phoenix, wana wa wahamiaji kutoka Mexico, waliwashinda wanafunzi wa MIT wenyewe katika mashindano ya roboti za majini huko California. Chombo chao kilikuwa cha mabomba, na kilinuka gundi kiasi cha kupewa jina la uvundo huo. Kilipoanza kuvuja karibu na mashindano, walinunua sodo za wanawake dukani ili zinyonye maji yasifikie nyaya. Mwaka 2012 Eric Stackpole na David Lang, waliotaka kuchunguza pango lenye maji lililosemekana kuficha dhahabu, walichangisha fedha kwenye mtandao na kutoa ramani za roboti yao, OpenROV, kwa yeyote aliyezitaka.

Takriban vyombo hivyo vyote vilijengwa kuzunguka kamera. Hapa ndipo anayeiga bila kufikiri atakapopoteza fedha zake. Maji ya Ghuba ya Winam ni machafu kwa tope na mwani, na sehemu nyingi jicho halipenyi hata mita 1. Kipimo cha jambo hili ni sahani ya Secchi, kifaa alichokibuni padri Angelo Secchi wa Italia mwaka 1865: sahani yenye robo nyeusi na nyeupe, upana wa sentimita 20, hushushwa kwa kamba hadi itoweke machoni. Watafiti waliopima maji ya wazi ya Ziwa Victoria mnamo 1927 waliiona sahani hiyo hadi kina cha zaidi ya mita 5. Kufikia miaka ya 1990 ilikuwa ikipotea kati ya mita 1 na 3 hivi. Kabla ya kununua kamera, tengeneza sahani hiyo kwa kipande cha bati na rangi, uishushe mwenyewe. Kamera ndogo inaweza kusaidia kutazama wavu wa kizimba kwa karibu, basi. Roboti ya Dunga ni ya kupima, si ya kutazama.

Jambo la faraja ni kina. Ziwa lote lina kina cha mita 80 hivi palipo parefu zaidi, lakini wastani wa ghuba ni mita 6 au 7 tu. Waya wa mita 20 unatosha sehemu kubwa ya kazi.

Fremu hutengenezwa kwa bomba la plastiki la nusu inchi, lile linalotumiwa na mafundi wa maji, pamoja na viungo vyake vya pembe na vya njia tatu. Urefu wa sentimita 40, upana wa 30 na kimo cha 25 vinafaa. Toboa matundu kila upande ili maji yajae ndani. Anayeziba mabomba kwa kudhani hewa itamsaidia kuelea anajitafutia balaa, kwa sababu kila mita 10 mgandamizo huongezeka kwa takriban kilo 1 kwa kila sentimita mraba. Kifuniko cha duara chenye upana wa sentimita 10 tu hubeba karibu kilo 78 katika kina hicho, sawa na mtu mzima aliyesimama juu yake. Ziba pale tu pasipo na budi.

Mota tatu zinatosha. Zilizo rahisi zaidi ni zile za pampu za volti 12 za kutolea maji ndani ya boti, kwani zimezibwa tangu kiwandani. Huondolewa gurudumu la pampu na kuwekwa rafadha ndogo, ambayo mafundi wa injini za boti huiita propela. Asiyezipata hutumia mota za kawaida, akiziweka kila moja ndani ya kopo dogo la plastiki na kulijaza nta iliyoyeyushwa, ncha ya ekseli ikitokeza nje. Mbili hulala nyuma, kushoto na kulia, na moja husimama katikati ya kupandishia na kushushia. Hakuna haja ya usukani. Aliyewahi kupiga kafi upande mmoja wa mtumbwi anajua utageukia wapi.

Umeme hutoka kwenye betri ya volti 12, na ile ya bodaboda inafaa kwa majaribio. Kosa linalojirudia ni waya mwembamba. Chukua waya wa shaba wa milimita mraba 0.75: mita 20 za kwenda na 20 za kurudi zina ukinzani wa karibu omu 1. Mota inayokula ampia 3 itapoteza karibu volti 3 njiani, na mota zote tatu zikitumia waya mmoja wa kurudishia, hali huwa mbaya zaidi. Kila mota ipewe jozi yake, na fyuzi iwekwe karibu na betri. Pamoja na waya ifungwe kamba imara inayobeba uzito, ili siku roboti itakaponasa usivute umeme.

Kazi inayohitaji subira ni kusawazisha. Chombo kinapaswa kutulia kati, kisizame wala kupanda. Dunga ina hazina ambayo mwongozo wa ng'ambo hauitaji: maboya magumu ya nyavu, yanayofungwa juu ya fremu, na chubwi zinazofungwa chini. Sponji laini haifai, maana hufinywa na maji kadiri unavyoshuka, ikapoteza uwezo wa kuelea. Na roboti iliyosawazishwa Mombasa isiletwe Kisumu hivyo hivyo. Lita 1 ya maji ya bahari ina uzito wa karibu kilo 1.025, ya ziwa kilo 1. Chombo chenye ujazo wa lita 4 kilichotulia baharini kitakuwa kizito kwa gramu 100 hapa, na kitazama. Anza ndani ya pipa, kisha kwenye maji tulivu.

Sasa tufikie kiini. Kipimo cha joto ni rahisi kupata na hufungwa kwenye bodi ndogo ya kompyuta kama Arduino. Kipimo cha kina husoma mgandamizo. Kipimo cha oksijeni ndicho ghali kuliko vyote, pengine kuliko roboti nzima, na hupotoka kisiposahihishwa. Shule isiyokimudu inaweza kufunga chupa yenye kizibo kinachovutwa kwa uzi ili kuleta maji ya chini, kisha kutumia mbinu ya mwanakemia wa Hungaria, Lajos Winkler, ya mwaka 1888: maji hutiwa chumvi ya manganizi na iodidi yenye alkali, halafu asidi, na kiasi cha iodini kinachojitokeza hupimwa kwa thayosulfati ya sodiamu. Chupa lazima ijae pasipo povu hata moja la hewa. Hata mwenye kipimo cha kisasa afanye hivi mara kwa mara ili kukihakiki.

Asishangae pia namba zikiwa ndogo kuliko za vitabuni. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Maji yenye nyuzi 25 za selsiasi yaliyoshiba oksijeni huwa na miligramu 7 hivi kwa lita, ilhali ufuoni mwa bahari hufikia 8. Zikishuka chini ya 3, mwenye kizimba aarifiwe.

Vikwazo vya Dunga ni vingine. Gugumaji hujizungusha kwenye rafadha, hivyo zizungushie wavu wa waya. Nyavu za wavuvi hazionekani, na kuikata ya mwenzio ni kumnyima riziki. Viboko wamo, na maji ya kingoni yana konokono wa kichocho. Fanyia kazi ndani ya mashua, usiingie majini. Rafadha zikikaribia tope hulitibua na kuharibu vipimo, kwa hiyo simamisha chombo nusu mita juu ya sakafu na usubiri. Kabla ya yote, uongozi wa ufuo, yaani BMU, uambiwe, na anayetaka kuchapisha matokeo atafute leseni ya utafiti kutoka NACOSTI. Ofisi ya KMFRI iko Kisumu, na kulinganisha vipimo vyako na vyao ni jambo la busara.

Andika daftarini tarehe, saa, kina, joto, oksijeni na hali ya upepo. Saa ina uzito wake. Mwani hutengeneza oksijeni palipo na jua, usiku ukaitumia, kwa hivyo kiwango huwa cha chini kabisa alfajiri, kabla jua halijachomoza. Nenda saa kumi na moja, wavuvi wa omena wanaporejea. Vipimo vya adhuhuri vinaweza kuonyesha maji yenye afya njema, ilhali asubuhi ile ile samaki walikuwa wakitwetea juu ya maji.