Kipimo cha Joto na Uamuzi wa Rubani: Historia Fupi ya Matengenezo ya Ndege Ndogo katika Nyanda za Juu za Mbulu na Hanang

1. Utangulizi

Historia ya ndege ndogo katika Afrika Mashariki imeandikwa kwa sehemu kubwa kama historia ya marubani na waasisi. Florence Kerr Wilson anakumbukwa kwa kuanzisha kampuni ya Wilson Airways jijini Nairobi mwaka 1929. Beryl Markham anakumbukwa kwa safari zake za peke yake. Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees wanakumbukwa kwa kuasisi mwaka 1957 huduma ya madaktari waendao kwa ndege, ambayo leo inajulikana kama Amref. Fundi aliyefungua kifuniko cha injini alfajiri ili ndege iweze kuruka hana nafasi kubwa katika masimulizi hayo.

Makala haya yanaichunguza kazi ya fundi huyo kupitia kifaa kimoja kidogo, yaani kihisijoto cha injini. Hoja kuu ni kwamba usalama wa safari za ndege ndogo katika nyanda za juu za Mbulu na Hanang ulitegemea swali moja: je, joto linaloonyeshwa na geji ni la injini, au ni kosa la kipimo chenyewe? Uwezo wa kulijibu swali hilo haukuwa wa kiufundi tu. Uliathiriwa pia na mipaka ya nchi, upatikanaji wa fedha za kigeni na umbali wa karakana.

2. Mwinuko na hewa nyepesi

Eneo la utafiti linaanzia Gitting, chini ya Mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, na kuendelea hadi Haydom wilayani Mbulu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 na wamisionari kutoka Norwe, ndiyo iliyolifanya eneo hili kuwa kituo muhimu cha safari za ndege. Kwa miaka mingi barabara za udongo zilikuwa hazipitiki masika, na ndege za shirika la kimisionari la MAF, hasa aina ya Cessna 206, zilibeba wagonjwa, wauguzi na chanjo.

Haydom ipo kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 1,700. Katika hali ya kawaida, uzito wa hewa kwenye mwinuko huo ni pungufu kwa takribani asilimia 15 ukilinganishwa na ule wa pwani. Mchana wenye joto la nyuzi 26 za Selsiasi, ndege hufanya kazi kana kwamba ipo kwenye mwinuko wa karibu mita 2,500. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu, ndege hupanda polepole huku pua ikiwa juu kwa muda mrefu, na hewa inayopita kwenye mapezi ya silinda hubeba joto kidogo zaidi. Dakika za kwanza baada ya kuruka, wakati rubani ana nafasi ndogo kabisa ya kurudi, ndizo dakika ambazo vichwa vya silinda hupata moto haraka.

3. Geji moja kwa silinda sita

Cessna 206 za kizazi cha zamani zilitumia injini ya Continental yenye silinda sita zinazopozwa kwa hewa. Kikomo cha joto la kichwa cha silinda kiliwekwa kwenye nyuzi 460 za Farenhaiti, sawa na takribani 238 za Selsiasi. Hata hivyo, geji ya kawaida ilipokea taarifa kutoka kihisijoto kimoja tu, kilichofungwa kwenye silinda moja. Silinda nyingine tano zilikuwa kimya. Kama bomba la kuingiza mafuta katika mojawapo ya hizo lingeziba kwa kiasi, au kama kinga ya kuelekeza hewa ingepasuka, sindano ingeweza kubaki mahali salama huku alumini ya kichwa cha silinda ikidhoofika.

Vihisijoto vilikuwa vya namna mbili. Namna ya kwanza hutegemea ukinzani wa umeme unaobadilika kadiri joto linavyobadilika, na huhitaji umeme wa ndege ili kufanya kazi. Namna ya pili, themokapo, hutumia kanuni iliyogunduliwa na Thomas Johann Seebeck mwaka 1821: metali mbili tofauti zikiunganishwa, tofauti ya joto kati ya ncha zake huzaa umeme mdogo. Themokapo haihitaji betri, lakini haivumilii waya wowote tu. Fundi akirefusha waya wake kwa kipande cha shaba ya kawaida, usomaji unaweza kupotoka bila dalili nyingine yoyote.

Kutokana na udhaifu huo, mafundi walijenga mantiki ya uchunguzi isiyohitaji vifaa vya gharama. Asubuhi, kabla ya injini kuwashwa, kila kihisijoto kinapaswa kuonyesha joto la hewa ya nje; kinachotofautiana na vingine kinashukiwa. Sindano inayoruka ghafla huashiria waya uliolegea, kwa sababu metali nzito haiwezi kupata moto wala kupoa kwa sekunde moja. Sindano inayopanda taratibu, pamoja na ile ya joto la oili, huashiria injini. Pale penye vihisijoto kadhaa vya aina moja, viwili hubadilishana nafasi: tatizo likihama pamoja na kihisijoto, kibovu ni hicho, likibaki kwenye silinda ileile, fundi huichunguza silinda pamoja na waya wake.

Jaribio la maji yanayochemka linaonyesha jinsi maarifa haya yalivyofungamana na mahali. Dar es Salaam maji huchemka kwa nyuzi 100. Dodoma kwa takribani nyuzi 96. Haydom kwa takribani nyuzi 94. Fundi aliyejifunza kazi pwani, akakipima kihisijoto Haydom kwa kutumia nyuzi 100 kama kigezo, angekikataa kifaa kizima, au angekirekebisha kisome nyuzi sita zaidi ya ukweli.

4. Mwaka 1977 na umbali wa karakana

Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 kwa kawaida huelezwa kupitia mgawanyo wa reli, bandari na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Kwa ndege ndogo, athari ilikuwa ya aina nyingine. Uwanja wa Wilson jijini Nairobi ulikuwa kitovu cha karakana na vipuri vya ndege ndogo katika ukanda mzima. Tanzania ilipoufunga mpaka wake na Kenya mwaka huo, hadi Novemba 1983, kitovu hicho kilibaki upande wa pili. Wakati huohuo uhaba wa fedha za kigeni uliifanya kila bidhaa ya kuagizwa kutoka nje, hata iliyo ndogo kama kihisijoto, ihitaji kibali na subira.

Hapa ndipo uzito wa suala unapoonekana. Makosa mawili yaliwezekana, nayo hayakuwa sawa. Kuiamini geji inayodanganya kwamba injini ina moto kulimaanisha ndege kubaki chini, na mama mwenye uchungu pingamizi kungoja barabara ikauke. Kutoiamini geji inayosema kweli kulimaanisha injini kuzimika juu ya miamba ya bonde la ufa. Kadiri kipuri kilivyokuwa mbali, ndivyo kishawishi cha kusema "ni geji tu" kilivyokua. Mantiki ya uchunguzi iliyoelezwa hapo juu ilikuwa kinga dhidi ya kishawishi hicho: ilimpa fundi msingi wa kuiruhusu ndege au kuizuia, bila kutegemea matumaini.

5. Ndege nyepesi za kizazi kipya

Tangu miaka ya 1990 vifaa vya kielektroniki vinavyosoma silinda zote kwa pamoja vimeenea. Aidha, ndege nyepesi zimeingia katika kazi mpya. Bat Hawk ya Afrika Kusini, inayotumia injini ya Rotax 912, imetumika nchini Tanzania katika doria dhidi ya ujangili. Vichwa vya silinda vya Rotax hupozwa kwa maji, na kuanzia mwaka 2013 kiwanda kilibadilisha muundo wake: kihisijoto kilichokuwa kikipima metali sasa hupima joto la maji ya kupozea, na kikomo kikawa nyuzi 120 za Selsiasi.

Badiliko hilo lina hatari yake. Maji yakivuja yote, kihisijoto kilichobaki kwenye hewa kinaweza kuonyesha joto la chini kuliko hali halisi ya injini. Vilevile, waya wa kihisijoto hiki ukikatika, geji husoma baridi; ukichubuka na kugusa bodi, husoma moto kupita kiasi. Teknolojia imebadilika, lakini swali la fundi limebaki lilelile.

6. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kipimo cha joto hakikuwa shahidi huru. Ushahidi wake ulikubaliwa baada ya kuhojiwa na fundi aliyeijua injini, waya na mwinuko wa mahali alipo. Historia ya huduma za afya katika Mbulu na Hanang haikamiliki bila maarifa hayo. Chanzo chake kikuu ni daftari za kumbukumbu za injini, ambamo kila badiliko la kifaa huandikwa pamoja na tarehe na saa za kuruka. Daftari hizo husafiri na ndege inapouzwa, hivyo ndege ikiuzwa nje ya nchi, kumbukumbu za fundi huondoka nayo. Kunakili daftari zilizosalia, na kuwahoji mafundi wastaafu wangali hai, ni kazi ya haraka kwa watafiti wa historia ya teknolojia nchini.