Maji Yametoka

Mama alikuwa na sheria moja kuhusu daftari la jumuiya: kila nyumba mstari mmoja, basi. Ukianza hadithi ndefu anaweka kalamu chini na kukutazama mpaka umalize.

Daftari lenyewe lina jalada jeusi gumu na mgongo mwekundu, aina ile waliyokuwa wakitumia makarani wa maduka. Ukilifungua kwa mbele, ni shukrani. Ukiligeuza juu chini na kuanzia nyuma, ni maombi. Mstari wa kwanza wa shukrani ni wa mwaka 1979, kwa mwandiko wa mama uliolala kulia: “Maji yametoka.”

Tulihamia Umoja, Nairobi, kutoka nyumba za reli za Makongeni nikiwa na miaka sita. Mtaa ulikuwa bado unanukia simiti. Halmashauri ya jiji ilikuwa imeujenga katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo uliodhaminiwa na Wamarekani kupitia USAID: nyumba karibu 3,000, ndogo, ambazo mwenyewe angeongeza chumba kadiri mfuko unavyoruhusu. Zilikusudiwa watu wa kipato cha chini, walipe kidogo kidogo kila mwezi hadi ziwe zao. Nyingi ziliishia kwa wenye mishahara minono zaidi, nao wakazipangisha. Mwenye nyumba wetu hakuwahi kulala Umoja hata usiku mmoja. Tulimjua kwa mlio wa viatu vyake kila mwisho wa mwezi.

Jina la mtaa, basi, lilitangulia jambo lenyewe. Mkono wetu wa kulia walikaa watu wa Machakos, wa kushoto watu wa Siaya, ng’ambo ya njia watu wa Murang’a, na kila mmoja alifunga mlango jua likizama. Kilichotufungulia milango ni jumuiya.

Maaskofu wa AMECEA, shirikisho la Kanisa Katoliki katika nchi za Afrika Mashariki, walikutana Nairobi mwaka 1973 wakasema parokia ni kubwa mno kwa mtu kujulikana humo. Mwaka 1976 wakaamua kwamba kazi ya kwanza ya uchungaji iwe kujenga Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, familia chache za jirani zinazosali nyumbani. Wenzao wa Kongo walikuwa wameanza kuifikiria njia hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mtaa mpya kama Umoja, usio na wazee wala ukoo, ulikuwa kama umetengenezewa uamuzi huo.

Siku yetu ilikuwa Alhamisi, na ukitaka kujua sala iko kwa nani ungefuata viti. Hakuna nyumba iliyokuwa na viti kumi na tano, kwa hiyo kuanzia saa kumi na moja sisi watoto tulitumwa mlango kwa mlango kukusanya. Stuli za watu wa Machakos zilikuwa na miguu mitatu na hazikutikisika hata sakafu ikiwa na mashimo. Viti vya watu wa Siaya vilikuwa vya kamba, ukikalia vinakuachia michoro mapajani. Kiti cha mzee mmoja mstaafu kilikuwa na mto alioshona marehemu mke wake, na aliyekibeba alionywa asiuburute mavumbini. Tulivibeba kichwani, miguu juu, tukifuatana kama siafu. Kila kiti kilikuwa na alama ya rangi chini yake, maana kupotea kwa kiti kungevunja jumuiya upesi kuliko dhambi.

Ndani, “Tumsifu Yesu Kristo,” “Milele amina,” kisha Injili ya Jumapili inayokuja, kila mtu akirudia neno lililomgusa. Hapo mwanzo kulikuwa na chai na mandazi. Baada ya miezi michache mama alishtuka kwamba nyumba fulani, ikifika zamu yao, huwa “wamesafiri”. Mandazi yakapigwa marufuku, chai ikawa ya rangi, na wasafiri wote wakarudi nyumbani.

Shukrani zilikuja mwishoni. Nadhani desturi hiyo tuliiazima kwa walokole, wale wa uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, na kuingia Kenya mwaka 1937. Jirani yetu Mwanglikana angeweza kutoa ushuhuda toka magharibi hadi jogoo wa kwanza awike, na tarehe aliyookoka haikosi. Mama aliwapenda, ila aliona maneno mengi yanamzibia Mungu njia. Neno “muujiza” nalo hakuliandika. Alisema hilo ni la mabango ya mikutano ya Uhuru Park.

Kwa hiyo daftari ni kavu. Alhamisi, 5 Agosti 1982, siku nne baada ya jaribio la mapinduzi: “Tumesali saa tisa kwa sababu ya kafyu. Wote wazima.” Baba alikuwa amerudi kwa miguu toka kazini, mikono juu, kitambulisho kwenye vidole, lakini hilo halimo. Mwaka 1984, mwaka wa ukame na mahindi ya njano kutoka ng’ambo: “Unga, gorogoro mbili. Watoto wamekubali kuula.” Tulikubali kwa sababu hakukuwa na mwingine. Miaka ya 1990 kurasa zinajaa karo: karo nusu, karo imesogezwa, mwalimu amemrudisha darasani.

Mwaka 1996 upande wa maombi una jina la kaka yangu mara kumi na moja. Wiki ya kumi na mbili halipo. Nililigeuza daftari kutafuta tarehe hiyo upande wa shukrani, nikitarajia pengo. Ameandika: “Majirani wamelala nasi siku tano.”

Ndiyo maana nilielewa, baadaye, alichofanya mwaka 1998. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti bomu lililipua ubalozi wa Marekani mjini, na watu 213 wakafa. Jirani yetu mmoja alifanya kazi hatua chache kutoka pale. Asubuhi ile mtoto wake alitapika, akampeleka zahanati, akachelewa. Alhamisi iliyofuata alisimama sebuleni kwetu akilia: Mungu ameniokoa, nilichelewa! Watu wakapiga makofi. Mama hakuinua kalamu.

“Na waliofika mapema, ndugu yangu,” akamwuliza kwa upole, “Mungu alikuwa hawaoni?”

Kimya kilidumu mpaka chai ikafurika jikoni, na hakuna aliyekwenda kuiepua. Nilimwonea aibu mama. Yule bwana akafuta uso, akasema hajui. Mama naye akasema hajui. Kisha akaandika neno moja: “Amerudi.”

Shukrani na maombi yalikutana katikati ya daftari mwaka 2003, kushoto maandishi wima, kulia kichwa chini. Akanunua jingine. Nyumba yetu ya kwanza ilibomolewa, ghorofa likapanda, na vivyo hivyo kwa majirani, hata mtaa sasa unatazama juu. Machi 2020 makanisa yalipofungwa tulisali kwa WhatsApp, na viti vikapumzika.

Macho ya mama yamefifia, kwa hiyo siku hizi mimi ndiye karani. Alhamisi iliyopita zamu ilikuwa ya vijana wawili waliooana juzi. Wanakaa ghorofa ya tano, na lifti hakuna. Mama alipanda akipumzika kila kona ya ngazi, nami nyuma yake na stuli yake mkononi. Zamu ya wenyeji kushukuru ilipofika, yule binti akaanza kueleza habari za pampu, mlinzi, deni la maji na mwenye ploti. Mama akanigusa goti. Nikaandika: “Maji yamefika ghorofa ya tano.”